Gonga Usikie

Kuna methali ambayo kila aliyesoma shule ya msingi Kenya ameiandika kwenye insha angalau mara moja: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Ni methali nzuri na walimu waliipenda. Ila inachukulia jambo moja kirahisi mno, kwamba ufa unauona. Uko pale ukutani, unakutazama, na wewe ndiye mvivu. Methali haisemi lolote kuhusu ufa ulio ndani ya ukuta, ule ambao juu yake pamepakwa rangi na kalenda ya duka imetundikwa.

Nimekulia Molo, na ukikulia Molo kuna vitu viwili huvikosi: baridi na reli. Reli ilipita hapa ikipanda kilele cha Mau kabla ya kuteremka ziwani, ambako ilifika Desemba 1901, mahali walipopaita Port Florence na sisi tunapaita Kisumu. Mwaka 2021, baada ya ukarabati, treni ya abiria ilirudi kwenye njia hiyo. Siku nyingine zote reli ni barabara ya watu wa miguu, ni kiti cha vijana wasio na kazi, ni mpaka ambao kondoo hawauheshimu. Ukiikalia unaona chuma kilichong'aa juu kwa kusuguliwa na magurudumu na kushika kutu ubavuni. Kinaonekana kizima kabisa.

Kuonekana kizima si ushahidi wa chochote. Mwaka 1911, karibu na Manchester katika jimbo la New York, Marekani, treni iliacha njia na watu 29 wakafa. Reli ilikuwa imekatika kutokana na ufa ulioanzia ndani ya chuma chenyewe, mahali ambapo jicho la mkaguzi yeyote, hata awe mcha Mungu namna gani, lisingefika. Baada ya hapo mvumbuzi aitwaye Elmer Sperry akahangaika hadi akaunda gari la kukagua reli, ambalo kufikia 1928 lilikuwa linatafuta nyufa za ndani kwa umeme na sumaku. Mbinu ya sauti ilikuja baadaye, na hiyo ndiyo iliyonifanya niandike.

Ukitaka kuielewa mbinu hiyo nenda sokoni. Mama anayenunua chungu hakitazami tu. Anakishika mdomoni, anakigonga kwa kifundo cha kidole, anasikiliza. Chungu kizima kinalia, chenye ufa kinakohoa. Mafundi wa reli wa zamani nao walipita na nyundo wakigonga magurudumu ya mabehewa wakitegea sikio. Altrasoniki ni kugonga chungu tu, ila kwa kasi ambayo sikio haliwezi kuifuata: mitetemo milioni 2 hadi 5 hivi kwa sekunde, ilhali sikio la binadamu linaishia kwenye elfu 20. Kifaa kidogo, labda ukubwa wa kizibo cha soda, kinawekwa juu ya chuma na kupeleka sauti ndani. Sauti inakimbia humo karibu mita 5,900 kwa sekunde, inagonga upande wa pili, inarudi kama mwangwi. Mwangwi ukirudi mapema kuliko inavyopaswa, kuna kitu njiani.

Kitu hicho mara nyingi ni hewa. Ufa ni hewa iliyojipenyeza, nyembamba kuliko unywele, lakini sauti iliyo ndani ya chuma ikikutana na hewa karibu yote inageuka na kurudi ilikotoka. Ndiyo sababu pia mpimaji hupaka kwanza maji, mafuta au jeli kabla ya kuweka kifaa. Asipopaka, hewa iliyobaki kati ya kifaa na chuma inazuia kila kitu. Sauti haiingii hata kidogo, na asipokuwa makini atadhani amepima. Kumbuka hiyo jeli, nitairudia.

Hapa nichepuke kidogo. Mwaka 1955 daktari wa wanawake huko Glasgow, Ian Donald, alipakia kwenye magari mawili vivimbe vilivyotolewa kwa wagonjwa, akavipeleka Renfrew kwenye kiwanda cha Babcock & Wilcox, watu wa kutengeneza boila. Kiwandani kulikuwa na mashine ya kutafuta kasoro kwenye vyuma. Wakaielekeza kwenye nyama badala ya chuma, na mwangwi ukatofautisha uvimbe wenye maji na uvimbe mgumu. Miaka 3 baadaye, yeye na wenzake walichapisha matokeo ya kazi hiyo kwenye jarida la Lancet. Kwa hiyo mama mjamzito wa Molo ambaye leo amelala kliniki huku jeli baridi ikimshtua tumboni anapimwa na mjukuu wa mashine ya boila. Mimi hiyo habari iliniacha nimekaa.

Sasa angalia tofauti. Yule mama atauliza, "Mtoto yuko sawa?" Na kuna mtu aliyevaa koti jeupe ambaye lazima ajibu. Anaweza kujibu vibaya, anaweza kukunja uso na kusema mngoje daktari, lakini swali limeulizwa na mwenye tumbo yumo chumbani. Abiria wa treni hayumo chumbani. Reli inapimwa yeye akiwa nyumbani anatafuta soksi. Mwangwi unarudi, mtu anauona, mtu anaandika karatasi, na anayelala usingizi kwenye behewa usiku ule hatajua kwamba kulikuwa na mazungumzo kuhusu maisha yake.

Swali langu basi ni hili: ukishaujua ufa ambao wengine hawauoni, una deni gani, na unadaiwa na nani?

Wengi hujibu haraka kwamba deni ni kuutengeneza. Sawa. Lakini hebu tazama kilichotokea Hatfield, mji mdogo kaskazini mwa London, tarehe 17 Oktoba 2000. Treni ya kwenda Leeds, ikiwa kwenye mwendo wa karibu kilomita 185 kwa saa, iliacha njia baada ya reli kuvunjika vipande zaidi ya 300. Watu 4 walikufa na zaidi ya 70 wakaumia. Unaweza kudhani nyufa zilikuwa siri. La. Zilikuwa zinajulikana, na reli mpya ilikuwa imeshaletwa, imelazwa kando ya njia, ikingoja kufungwa. Nikisoma habari hiyo, picha inayonikaa kichwani ni ile reli mpya iliyolala kwenye nyasi huku treni zikipita pembeni yake wiki baada ya wiki. Kesi iliisha mwaka 2005. Kampuni mbili zilitozwa faini, na mameneja walioshtakiwa hawakupatikana na hatia.

Unaweza kukasirikia hukumu hiyo, mimi pia nilikasirika. Lakini nikijaribu kumtafuta mtu mwovu kwenye hadithi ile simpati. Napata ratiba. Ili ufunge reli lazima ufunge njia, ufunge njia lazima treni zichelewe, treni zikichelewa kuna simu zitapigwa. Kila mtu alikuwa na kipande chake cha ufa mkononi na kipande hicho kilionekana kidogo. Ufa hauhitaji adui. Unahitaji gurudumu lipite tu, na kila likipita linaupanua kidogo.

Nilisoma uhandisi miaka miwili na nusu kabla ya karo kunishinda. Jamaa mmoja niliyekuwa nikikaa naye dawati moja alimaliza, akapata cheti cha upimaji, na sasa anazunguka na mashine begani, leo matangi, kesho mabomba. Sitaji anakofanyia. Yeye ndiye aliyenifungua macho kwamba kuupata ufa ndiyo sehemu rahisi. Kila chuma kina kasoro, aliniambia. Kila mshono wa kuchomea una tundu la hewa mahali fulani, una kipande cha takataka kilichobaki ndani. Sheria za kazi zina mstari: mwangwi ukiwa chini ya kimo fulani na kasoro ikiwa fupi kuliko urefu fulani, inakubalika. Ikivuka, kata urudie. Yaani kazi yake haiulizi kama kitu ni kizima. Hakuna kitu kizima. Inauliza kama ubovu wake unavumilika.

Akanisimulia mshono mmoja ambao mwangwi wake ulikaa pale pale kwenye mstari. Akisogeza kifaa kushoto kidogo unashuka, kulia kidogo unapanda. Msimamizi amesimama nyuma yake, lori linangoja, jua linazama. "Si hiyo iko ndani, bana?" Jamaa aliandika alichokiona, sehemu zote mbili. Kesho yake wakaleta mpimaji mwingine, naye akaandika kwamba iko sawa.

"Na labda iko sawa kweli," jamaa akasema. "Mimi siwezi kuapa."

"Kwa hivyo unasema aje?"

"Nasema karatasi huwa haina ufa."

Nimeifikiria sana hiyo. Angekuwa amesema mpimaji wa pili alihongwa, ningekuwa na hadithi nyepesi ya kuandika. Lakini sauti ina mipaka yake. Ufa mdogo sana kuliko urefu wa wimbi huenda usirudishe mwangwi wa kutambulika. Ufa uliolala sambamba na njia ya sauti unaweza kupitwa kimya, ndiyo maana wanaopima reli huelekeza sauti kwa pembe tofauti, mara wima, mara kwa kulala. Kuna nyakati ambapo watu wawili waaminifu wataangalia skrini moja na kutofautiana. Basi palipo na shaka, nani aibebe? Kwenye ule mshono aliyeibeba ni yule atakayesimama karibu na tangi siku fulani, ambaye hakuulizwa, na aliyemchagua mpimaji wa pili ni yule ambaye lori lake lilikuwa linangoja. Hapo ndipo naona kosa, hata kama mshono hautawahi kufumuka. Msomaji anaweza kuniambia hakuna madhara yaliyotokea. Mimi nasema mtu amewekewa hatari mgongoni bila kujua, na huo tayari ni wizi wa aina yake.

Kwa hiyo nilikuwa nimefika kwenye jibu lililoniridhisha kwa miezi kadhaa: deni la kwanza la anayeujua ufa ni kumwambia anayepita juu yake. Mwambie, halafu yeye aamue. Jibu safi, la kisasa, unaweza kulitundika kwenye status.

Kisha nikaikumbuka Huruma.

Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, mvua ikinyesha, jengo la ghorofa 6 liliporomoka mtaani Huruma, Nairobi. Watu takriban 50 walikufa. Jengo hilo lilikuwa limeshatajwa na wenye mamlaka kuwa si salama na kwamba libomolewe. Zege nalo hupimwa kwa sauti, by the way. Zege zuri huipitisha kwa zaidi ya mita 4,000 kwa sekunde, zege bovu huichelewesha kama mtu anayetembea kwenye matope ya Molo mwezi wa Mei. Lakini Huruma haikuhitaji mashine. Nairobi nzima tumezoea alama ya X nyekundu kwenye kuta za majengo yaliyohukumiwa. Watu wanaipita wakienda kununua mkate. Watu wanaanika nguo juu yake.

Je, wapangaji wa nyumba zenye X hawajaambiwa? Wameambiwa kwa rangi nyekundu. Na wanabaki, kwa sababu kodi ni nafuu, kazi iko karibu, shule ya mtoto iko karibu, na nyumba isiyo na X inataka pesa ambazo hawana. Kumwambia mtu asiye na pa kwenda kwamba ukuta wake una ufa ni kumpa ukweli na kubaki na ufunguo. Aliyechora X anaweza kulala salama, faili lake linaonyesha alisema. Jibu langu safi likaanza kukohoa kama kile chungu.

Na hapa niseme wazi kwamba sikuanza kufikiria haya kwa sababu ya vyuma. Mtu wa Molo akisikia maneno "ufa ulio ndani," chuma si kitu cha kwanza kumjia. Mwaka 1992 watu walichomewa nyumba huku. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 wakachomewa tena, na nchi nzima ikapoteza zaidi ya watu 1,100. Katikati ya miaka hiyo tulikuwa tunauziana viazi, tunakopeshana punda, tunakaa benchi moja kanisani. Juu, reli iling'aa.

Wala hatujakosa wapimaji. Kamati ya Kiliku ya Bunge ilikuja mwaka 1992, na ripoti yake Bunge halikuipitisha. Tume ya Akiwumi iliteuliwa 1998 na kumaliza kazi 1999, lakini wananchi waliisubiri ripoti hadi 2002. Tume ya Waki ilitoa yake 2008. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ikamkabidhi rais ya kwake Mei 2013. Rafu imejaa. Nyufa zimeandikwa, nyingine kwa majina na tarehe. Kama deni lingekuwa ni kupima na kusema tu, Molo ingekuwa mji usio na deni kuliko miji yote ya Kenya.

Shosho yangu ameulizwa maswali na watu wenye fomu si mara moja. Nilikuwepo mara moja. Kijana mwenye viatu safi na tablet alimuuliza, kwa kiwango cha moja hadi tano, anawaamini majirani zake wa lugha nyingine kiasi gani. Shosho akasema tano. Tunaishi vizuri, akasema, Mungu ametusaidia. Kijana akagusa skrini, akashukuru, akaenda. Jioni hiyo hiyo, tukiambua minji kwenye sufuria, bila kuulizwa, akanieleza ni mlango gani jirani alikuja kusimama mwaka 2008, alisema nini, na kwa nini mpaka leo yeye hawezi kula chochote kutoka nyumba ile ingawa wanasalimiana kila asubuhi. Aliongea saa nzima. Mikono yake haikuacha kufanya kazi.

Ndiyo ile jeli. Kijana wa tablet alikuwa na kifaa kizuri tu, labda na maswali mazuri, lakini kati yake na shosho kulikuwa na hewa, na sauti yote iligeukia pale pale juu ya ngozi. Akaenda kuandika tano. Kimya kingi kina mshindo mkuu, wazee walisema, ila mshindo huo humwendea aliye karibu kiasi cha kuambua minji.

Kuna jambo jingine wapima reli wanalijua ambalo sijaona mwanasiasa akilijua. Reli ikishajaa nyufa ndogo ndogo za juu, zile za kusuguliwa na magurudumu, zinazuia sauti isifike kwenye ufa mkubwa ulio chini. Kelele ya juu inaficha kimya cha chini. Kila msimu wa siasa tunapewa kelele za juu za kutosha: nani katukana nani, nani kazomewa wapi. Tunazipima hizo. Tunashinda tunazipima.

Lakini nirudi kwenye deni, maana nililiacha njiani. Jamaa yangu aliniambia kitu ambacho nilikipuuza wakati ule kwa sababu kilionekana cha kiofisi mno. Ufa ukipatikana na ukaonekana unavumilika, haufutwi. Unapewa tarehe ya kurudiwa. Wanahesabu unaweza kukua kwa kasi gani, kisha wanapanga kurudi kabla haujafika pabaya, na wakirudi wanaweka kifaa pale pale, si hatua mbili kando. Treni zinaendelea kupita, viazi vinaendelea kufika sokoni, kwa sababu kuna mtu aliyeahidi kurudi na akarudi. Nadhani huo ndio upande wa deni ambao Huruma na zile tume zinashiriki kukosa. X ilichorwa, ripoti zikafungwa kwa jalada gumu, na aliyepima hakurudi kuona kama ufa umekua, wala hakuwa na uwezo wa kusimamisha treni kama umekua. Anayepima bila uwezo huo anakusanya mwangwi tu. Na anayemtuma akijua hana uwezo huo, huyo ndiye ningependa mahakama imuulize maswali.

Kutokana na haya yote nimebaki na wazo moja dogo la vitendo, la kuchekesha kidogo. Ningependa tiketi ya treni iwe na tarehe ambayo reli ilipimwa mara ya mwisho, na tarehe itakaporudiwa. Mstari mmoja tu, chini ya namba ya kiti. Abiria wengi hawatausoma. Lakini atakayeuchapisha atalazimika kila siku kuandika tarehe, na tarehe ikipita bila kurudiwa kila mtu mwenye tiketi mfukoni ana ushahidi.

Nilimweleza shosho wazo hili, nikiwa nimejipanga vizuri, na mikono ikisaidia maneno. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza kama treni inapita nauli ya matatu, au iko chini.